Punti katika futiboli ya sekondari Marekani: mwongozo wa sheria zinazowachanganya hata makocha

Mtu aliyejifunza futiboli ya Kimarekani kwa kutazama NFL, ligi ya kulipwa, kwenye televisheni, siku akienda Ijumaa jioni kumtazama mtoto wake akicheza uwanja wa shule, atasikia filimbi mahali ambapo angeapa kwamba mchezo bado unaendelea. Mara nyingi itakuwa kwenye punti. Sheria za sekondari hutungwa na shirikisho la taifa la vyama vya sekondari, NFHS, lenye makao yake Indianapolis, na katika kupiga na kupokea punti zinatofautiana na za vyuo vikuu na za kulipwa kwa mambo mengi kuliko watu wanavyodhani. Texas iko peke yake: shule zake za umma hutumia sheria za vyuo vikuu zilizorekebishwa. Ukiishi Houston au Dallas, baadhi ya yaliyomo humu hayakuhusu.

Kwa aliye mgeni kabisa: timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifika jaribio la nne na bado iko mbali, kwa kawaida humweka mchezaji nyuma, anapokea mpira kutoka kwa senta (anayeanzisha mchezo kwa kuurusha nyuma), anauachia mikononi na kuupiga teke kabla haujagusa ardhi. Hiyo ndiyo punti. Lengo ni kuwakabidhi wapinzani mpira wakiwa mbali na goli wanalolishambulia. Humu tutaziita timu hizo wapigaji na wapokeaji, na kila moja itabaki na jina lake mpaka jaribio liishe, hata mpira ukibadilisha mikono mara tatu.

Maswali matatu, kwa mpangilio huu

Punti ikishapigwa, usianze kwa kuuliza nani ana mpira. Waamuzi wazuri hujiuliza hivi, na makocha wanapaswa kuwafundisha vijana wao vivyo hivyo:

1. Je, mpira umevuka ukanda wa kati?
2. Kama umevuka, nani ameugusa kwanza huko ng'ambo?
3. Je, umekata mstari wa goli wa wapokeaji?

Ukanda wa kati ni nafasi yenye urefu wa mpira wenyewe, iliyo kati ya timu mbili kabla ya mchezo kuanza. Teke likipigwa, sheria huupanua ukanda huo hadi yadi 2 kuelekea upande wa wapokeaji. Sababu ni ya kiutendaji: mlinzi anayeruka kuzuia teke mara nyingi huwa ameshavuka mstari kidogo, na isingekuwa haki mpira ukimgusa kiganjani hapo uhesabiwe kama mpokeaji aliyeshindwa kudaka. Kwa hiyo teke la chini likiguswa na yeyote ndani ya ukanda uliopanuliwa au nyuma yake, mguso huo haupo kisheria. Shika neno hilo, "haupo", maana litarudi.

Kupanga timu: namba za jezi

Kwenye mchezo wa kawaida lazima wachezaji watano wenye jezi namba 50 hadi 79 wawe kwenye mstari wa mbele. Hao hawaruhusiwi kupokea pasi ya mbele. Kwenye punti, kocha anataka watu wepesi wa kukimbia na kukaba, si vijana wa kilo 120, kwa hiyo sheria inatoa msamaha. Masharti yake ni haya: awepo mchezaji wa kupokea mpira mrefu kutoka kwa senta akiwa yadi 10 au zaidi nyuma ya mstari, na asiwepo mtu wa kupokea mpira mkono kwa mkono. Kwenye jaribio la nne, basi, yeyote mwenye namba 1 hadi 49 au 80 hadi 99 anaweza kushika nafasi ya wale wa 50 hadi 79.

Hapa ndipo penye mtego. Kijana aliyeingia kwa msamaha huo lazima ajipange kwenye mstari, kati ya wachezaji wawili wa mwisho, na anabaki bila ruhusa ya kupokea pasi ya mbele jaribio zima. Jezi yake inaweza kuwa 84, lakini kwa jaribio hilo yeye ni sawa na mwenye 64. Ukipanga punti ya uongo ili umrushie yeye, umejitafutia kitambaa cha njano, yaani faulo. Kabla ya kuingia uwanjani, kocha msaidizi anayesimamia kikosi cha mateke awaulize vijana wake mmoja mmoja: nani hapa anaruhusiwa kupokea? Jibu sahihi ni wale wawili wa mwisho wa mstari na waliosimama nyuma yake.

Msamaha huu zamani ulikuwa mpana zaidi. Mwaka 2007 makocha wa sekondari ya Piedmont, California, waliona kwamba hakuna kilichoandikwa kuwazuia kujipanga kama wapiga punti kwenye kila jaribio, huku wachezaji wote 11 wakivaa namba za wanaoruhusiwa kupokea pasi. Mlinzi hakujua nani anaruhusiwa kudaka na nani haruhusiwi. Mtindo huo uliitwa A-11, ukaenea kwa wenye ujasiri, na mwaka 2009 NFHS ikaufungia mlango. Ndiyo maana leo, kwenye jaribio la kwanza hadi la tatu, msamaha ni mwembamba sana: kwa mpangilio wa punti unamhusu senta tu, na wengine wanne kwenye mstari lazima wavae 50 hadi 79. Ukitaka kupiga punti ya kushtukiza kwenye jaribio la tatu, jambo ambalo ni halali, angalia jezi kwanza.

Tofauti na NFL, ambako ni wachezaji wawili tu wa pembeni wanaoruhusiwa kutimua mbio mara mpira unapotoka kwa senta, sekondari wapigaji wote wanaweza kuondoka papo hapo. Vijana wengi huondoka mapema mno, wanamwacha mpiga punti peke yake, na punti inazuiwa. Kuruhusiwa si kulazimishwa. Wanaolinda katikati wahesabu kwanza mguso mmoja na mpinzani, ndipo wakimbie.

Mpira kutoka kwa senta, na goti la mpiga punti

Umbali unaotumika sana sekondari ni yadi 12 hadi 14. Senta mzuri huufikisha mpira kwa takriban sekunde 0.8, na tangu unatoka kwake hadi unapogusana na mguu, sekunde 2.2 ni shabaha nzuri kwa timu ya shule. Ikizidi 2.5, usimlaumu anayelinda.

Wapigaji wakiwa karibu na goli lao hesabu hubadilika. Eneo nyuma ya mstari wa goli lina kina cha yadi 10 tu. Mpira ukiwa kwenye yadi 2, yaani yadi 2 kutoka mstari huo, una yadi 12 nyuma yako, na ya mwisho ni mstari wa nje. Mpiga punti akiukanyaga akiwa na mpira, wapinzani wanapata alama 2 na timu yake inalazimika kuwapigia mpira kutoka yadi yake ya 20. Kwa hiyo asimame yadi 11, visigino viwe mbele ya mstari, na senta ajue kwamba leo anarusha karibu. Wengi husahau sehemu hii ya pili: mpira unaorushwa kwa nguvu ya yadi 14 kwa mtu aliye yadi 11 humpita juu ya kichwa.

Sheria inayowaumiza wengi ni ya goti. Sekondari, mwenye mpira akigusa ardhi kwa sehemu yoyote ya mwili isipokuwa kiganja au mguu, mpira umekufa hapo hapo, hata kama hakuna aliyemgusa. Mpiga punti akirushiwa mpira wa chini, akainama, goti likagusa nyasi wakati mpira uko mikononi mwake, jaribio limeisha. Kama ni la nne, wapokeaji wanauchukua hapo alipopiga goti, yadi 12 nyuma ya mstari. Anayemshikia mpigaji wa goli la alama 3 anaruhusiwa kupiga goti. Mpiga punti haruhusiwi. Vijana waliotoka kwenye soka, ambao mara nyingi ndio hupewa kazi hii kwa sababu wanajua kupiga mpira, hawana mazoea ya kuogopa goti lao. Wafundishe kuinama kwa kupanua miguu na kukunja kiuno. Wape mipira 20 mibovu kila wiki: wa chini, wa kushoto, wa kulia, wa kudunda. Mpira unaodunda kabla hajaushika hauna tatizo; ashike, ainuke, apige.

Na kama mpira umelala chini na walinzi wanakuja, asiupige teke ukiwa ardhini. Hiyo ni faulo ya yadi 10. Aurukie, au auokote akimbie.

Kabla hatujauacha mstari wa mbele: senta akishaweka mikono kwenye mpira, mlinzi akiingiza mwili kwenye ukanda wa kati, mchezo unasimamishwa mara moja na ni yadi 5. Tofauti na ngazi za juu, hakuna nafasi ya kurudi nyuma kabla mpira haujatoka. Jaribio la nne likiwa na yadi 4 zilizobaki, mlinzi mmoja mwenye pupa amewapa wapinzani majaribio mapya manne bila teke kupigwa. Wapigaji nao wasijaribu kumtega kwa kutikisa kichwa au mabega. Faulo hiyo ni yao, nayo ni yadi 5.

Mpira ambao haukuvuka

Punti imezuiwa, mpira unaruka ruka nyuma ya mstari. Watu wa jukwaani hudhani wapokeaji wameshaupata. La. Maadamu mpira uko ndani ya ukanda wa kati au nyuma yake, mchezaji yeyote wa wapigaji anaweza kuuokota na kukimbia nao, kuurusha mbele kwa anayeruhusiwa kudaka, au hata kuupiga punti tena. Masharti ni yale ya jaribio la kawaida: kama ni la nne na hakufika alama ya majaribio mapya, wapokeaji wanachukua mpira aliposimamishwa. Kama ni la tatu, wapigaji wanabaki nao na wanaingia la nne.

Kijana aliyeuokota baada ya kuzuiwa huwa na sekunde moja ya kuamua. Mpangilio mzuri wa uamuzi ni huu: ukiona nafasi ya kufika alama, kimbia, usipoiona na bado uko nyuma ya mstari, upige tena, ukiwa umezingirwa, lala juu yake. Kwenye eneo lako la goli usilale. Ukilala humo ni alama 2 kwa wapinzani. Lakini wapinzani wakiulalia wao humo ni tachidauni, alama 6, kwa hiyo ukiona wanakuwahi, bora uulalie wewe.

Sasa hali inayozua ugomvi. Punti imezuiwa nyuma ya mstari kwa mkono wa mpokeaji, lakini mpira bado ukaenda mbele, ukavuka, ukadunda yadi 8 ng'ambo, na mpigaji akauokota. Kocha wake anapiga kelele: wameugusa, mpira wetu! Haustahili kuwa wao. Mguso wa nyuma ya mstari haupo kisheria. Ng'ambo ya mstari wapigaji wanaweza kujipatia mpira tu kama mpokeaji ameugusa akiwa huko huko ng'ambo. Hapa hakuna aliyeugusa, kwa hiyo ni wa wapokeaji.

Kinyume chake pia hutokea, hasa siku za upepo mkali: punti inavuka, inadunda vibaya, inarudi nyuma ya mstari bila mpokeaji kuigusa. Mpigaji akiuokota huko nyuma, anaweza kukimbia nao. Mpira ulikopita si hoja. Hoja ni ulipo anapoushika. Ni hali ya nadra, lakini kijana anayeijua anaweza kuokoa mchezo huku wengine 21 wamesimama wakitazama.

Mpira uliovuka: nani ameugusa kwanza?

Hii ndiyo sehemu inayostahili muda mrefu zaidi kwenye mazoezi.

Mpigaji akiugusa mpira ng'ambo kabla mpokeaji hajaugusa, huo unaitwa mguso wa kwanza. Si faulo. Mwamuzi hatupi kitambaa cha njano. Anadondosha kifuko kidogo chini kuweka alama mahali ulipoguswa. Kuanzia hapo wapokeaji wana chaguo: kuchukua mpira pale kwenye kifuko, au kuchukua matokeo ya yote yatakayofuata. Maana yake ni kwamba mguso wa kwanza huwapa wapokeaji safari ya bure.

Tazama mfano. Mpigaji anaugusa mpira kwenye yadi 12 ya wapokeaji lakini hakuushika. Unadunda hadi yadi 10. Mpokeaji anauokota, anakimbia hadi yadi 18, anagongwa, mpira unamtoka, mpigaji anaulalia. Wapigaji wanashangilia. Mapema mno: kifuko kiko yadi 12, na wapokeaji wataomba mpira pale. Kwa hiyo mpokeaji aliyesoma sheria, akiona mpinzani ameugusa mpira na kuuacha ukiviringika, na akaona kifuko kimedondoka, anaokota na kukimbia bila woga.

Au karibu bila woga. Haki hiyo hupotea kwa njia mbili. Ya kwanza, wapokeaji wakishaugusa mpira kisha wakafanya faulo ndani ya jaribio hilo hilo. Ya pili, adhabu ya faulo yoyote ya jaribio hilo ikikubaliwa. Kwenye mfano wetu, mwenzake akimsukuma mpinzani mgongoni wakati wa ile mbio ya kutoka yadi 10, safari si ya bure tena, na mpira uliopotea yadi 18 umepotea kweli. Wafundishe wazuiaji kwamba kwenye safari ya bure hawahitaji kumgusa mtu yeyote. Hakuna cha kupoteza ila kwa mikono yao wenyewe.

Mpira ukiguswa na mpokeaji kwanza, mambo yanageuka. Anajaribu kudaka, unamponyoka, mpigaji anaupata: sasa ni wa wapigaji na wanaanza majaribio mapya manne. Lakini mpira unakufa pale pale unaposhikwa. Hawaruhusiwi kukimbia nao. Kijana akiuokota kwenye yadi 15 na kukimbia hadi golini, atarudishwa yadi 15. Hali ni tofauti kama mpokeaji alikuwa ameshaudaka na kuumiliki, akapiga hatua, ndipo ukamtoka. Hapo teke limeshaisha, mpira ni wa kugombaniwa, na mpigaji anaweza kukimbia nao hadi mwisho. Mwamuzi anaangalia umiliki, na tofauti ya nusu sekunde inaweza kuwa na thamani ya alama 6.

Mpokeaji aliyesukumwa na mpigaji hadi akagusana na mpira hahesabiwi ameugusa. Aliyejigonga mwenyewe kwa kutoangalia nyuma anahesabiwa, hata ukimpapasa kisigino tu. Ndiyo sababu mdakaji anayeamua kuuacha mpira anatakiwa kupaza sauti ya onyo ambayo timu nzima imekubaliana, neno moja fupi, na kila mwenzake akilisikia akimbie mbali na mpira bila kugeuka kuutafuta.

Mpira ukitulia uwanjani na hakuna anayejaribu kuuchukua, unakufa, ni wa wapokeaji. Ukimgonga mwamuzi aliye ndani ya uwanja, uko hai. Na mpigaji aliyetoka nje ya mstari wa pembeni kwa hiari yake kisha akarudi kukimbiza mpira amefanya faulo ya yadi 15, kama hakusukumwa nje. Wakimbiaji wa pembeni hupenda kuzunguka nje kumkwepa mzuiaji. Waambie ni ghali.

Mstari wa goli wa wapokeaji

Kwenye ngazi za juu umeona mchezaji akiruka juu ya mstari wa goli, anaupiga mpira kofi ukiwa hewani, unarudi uwanjani, mwenzake anaukamata kwenye yadi 1. Picha nzuri sana. Sekondari, mpira ukishaukata mstari wa goli, hata hewani, hata kwa ncha yake, umekufa. Ni tachibeki, na wapokeaji wanaanzia yadi 20.

Kutokana na hilo, mambo matatu. Mpokeaji hawezi kudaka punti ndani ya eneo la goli na kukimbia nayo nje, filimbi imeshalia. Mpokeaji akiponyokwa kwenye yadi 3 na mpira ukaviringika hadi ndani, ni tachibeki vilevile, kwa sababu sheria haiulizi nani aliusukuma teke linapoingia golini kwa wapokeaji. Na kule ndani hakuna kugombania mpira; kijana anayejirusha juu yake anajiumiza bure.

Anayetumwa kuuzuia mpira usiingie afanye hivi: akimbie hadi yadi 2 au 3, ageuke, aupe mgongo mstari wa goli, autazame mpira. Asikimbizane nao kwa nyuma. Ukidunda mbele yake, audake au aupige kofi kurudi upande alikotoka. Kofi la kuelekea goli lake mwenyewe ni halali kwa mpira uliogusa ardhi, na pia kwa ulio hewani kama hakuna mpokeaji aliye mahali pa kuudaka. Kofi la kuelekea upande mwingine ni faulo.

Mdakaji naye ana kanuni yake ya zamani: weka visigino yadi 10 na usirudi nyuma. Mpira ukikupita juu, uache, huenda ukaingia. Mwenye kudaka kati ya yadi 5 na mstari wa goli, akasukumwa na kasi yake mwenyewe hadi ndani na mpira ukafia humo, hapewi adhabu. Mpira unarudishwa alipoudakia. Lakini aliyedaka yadi 7 akarudi nyuma kumkwepa mkabaji, akaangushwa ndani, ameipa timu pinzani alama 2. Msamaha ni wa kasi, si wa uamuzi mbaya.

Kudaka salama na teke la bure

Mdakaji anayeona wakabaji wamefika anaweza kuomba kudaka salama: mkono mmoja juu ya kichwa, umenyooshwa kikamilifu, ukipungwa kulia na kushoto. Mkono ulioinuliwa bila kupungwa, au uliofika usawa wa sikio tu, ni ishara batili, yadi 5. Iwe halali au batili, timu yake ikiushika mpira, umekufa hapo. Aliyetoa ishara asimzuie mpinzani yeyote kabla teke halijaisha, maana hiyo ni yadi 15. Na bila ishara pia, mpigaji haruhusiwi kumziba njia anayesubiri mpira ulio hewani. Hilo ni yadi 15, na wapokeaji wanaweza kuchagua kuhesabiwa kuwa wamedaka salama.

Kisha kuna zawadi ambayo makocha wengi hawaitumii. Baada ya kudaka salama, wapokeaji wanaweza kuchagua teke la bure badala ya kuanza majaribio. Wapinzani wanasimama yadi 10 mbali na hawaruhusiwi kukimbilia mpigaji. Mpira ukishikwa chini na kupigwa kati ya nguzo, ni alama 3. Punti haihesabiki hapa. Lazima mpira uwekwe chini au udundishwe.

Umbali ni rahisi kukokotoa: namba ya yadi ulipodakwa, jumlisha 10 za eneo la goli. Ukidakwa kwenye yadi 30 ya wapinzani, teke ni la yadi 40. Goli la kawaida kutoka hapo lingekuwa yadi 47, kwa sababu mshikaji hukaa yadi 7 nyuma, tena kukiwa na watu wanaoruka mbele yako. Wakati mzuri ni sekunde za mwisho za nusu, wapinzani wamepiga punti wakiwa ndani kabisa ya upande wao. NFL ina sheria kama hii: tarehe 19 Desemba 2024 Cameron Dicker wa Los Angeles Chargers alifunga kwa teke la bure la yadi 57 dhidi ya Denver Broncos, la kwanza kufanikiwa huko tangu 1976. Lilitokana na Denver kumwingilia mdakaji. Vyuo vikuu havina sheria hii, kwa hiyo Texas pia haipo.

Likikosewa, usisahau kwamba ni teke la bure. Mpira uliodondoka uwanjani bado ni mchezo, kwa hiyo timu iliyopiga teke hilo ikimbie kuufuata.

Kumgonga mpigaji, na mahali adhabu inapopimwa

Kumgusa mpiga punti kwa kumwangusha kidogo ni yadi 5, na jaribio linarudiwa. Kumgonga kwa nguvu ni yadi 15 na majaribio mapya. Hakuna faulo kama mlinzi aliugusa mpira na hakuweza kujizuia, kama alisukumwa na mpigaji mwingine, au kama haikuwa wazi kwamba teke litapigwa. Hilo la mwisho linawahusu wanaopiga wakikimbia pembeni kwa mtindo wa raga. Anayekimbia na mpira chini ya kwapa anaonekana mkimbiaji, na ulinzi wake ni mdogo mpaka mguu uguse mpira. Senta naye analindwa: kumvamia moja kwa moja kwenye mpangilio wa punti ni yadi 15 na majaribio mapya.

Mwisho, faulo za wapokeaji wakati mpira uko hewani. Tuseme wapigaji wako yadi yao ya 30, jaribio la nne, zimebaki yadi 8. Punti inaishia yadi 25 ya wapokeaji. Mpokeaji alimshika mkabaji kwenye yadi 40 ya upande wake. Adhabu ya yadi 10 inapimwa kutoka pale teke lilipoishia, wapokeaji wanabaki na mpira, wanaanzia yadi 15. Lakini kama kushika huko kulitokea ndani ya zile yadi 2 za ukanda uliopanuliwa, adhabu inapimwa kutoka mstari wa kuanzia: yadi 10 mbele kwa timu iliyohitaji 8. Wapigaji wanapata majaribio mapya, na punti yote inafutwa. Faulo ni ile ile, mkono ni ule ule, ila hatua chache tu za mahali. Anayemzuia mkabaji wa pembeni ahakikishe ameshamwacha apite kwanza zile yadi 2 kabla hajaanza kugombana naye.